Mdau Mmoja wa Kike

Nchi ninayotaka kuisimulia si yako, msomaji, wala si ya jirani yako. Ukiona inafanana na unayoijua, tatizo liko kwenye macho yako, nenda kapime. Inaitwa Jamhuri Tulivu ya Sandali, na utulivu wake umeandikwa kwenye katiba, ibara ya kwanza, mtu asije akadai hakuambiwa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwema Kilindo, mwandishi wa taarifa rasmi za Bunge. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika, vidole juu ya mashine, na kuandika kila neno linalotoka vinywani mwa waheshimiwa, bila kupunguza wala kuongeza, isipokuwa kuweka kwenye mabano neno "Makofi" pale walipopiga makofi na "Kicheko" pale walipocheka. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Aliwahi kuandika hotuba ya saa tatu juu ya umuhimu wa kusema kwa ufupi. Aliwahi kuandika ugomvi wa wabunge wawili kuhusu nani kati yao anampenda Rais zaidi. Ugomvi huo uliamuliwa kwa kura na wote wawili wakashinda.

Mwenyewe hakuwa msemaji. Alikaa peke yake ghorofa ya nne katika nyumba za watumishi. Mume aliwahi kuwa naye, fundi saa, mtu mpole, aliyeondoka kwa upole vilevile ilipodhihirika kwamba watoto hawaji. Tangu hapo zilikuwapo wiki ambazo Siwema alitoka kazini Ijumaa na hakufungua kinywa mpaka Jumatatu, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe ikimsalimu mlinzi wa getini. Kichwa chake kilijaa maneno, lakini yote yalikuwa ya watu wengine.

*

Mwaka ninaousema, serikali ilileta bungeni Muswada wa Sheria ya Ustawi wa Matumbo. Sheria ya zamani ilikuwa ya mstari mmoja: kutoa mimba ni marufuku, basi. Mstari huo uliachwa na wakoloni, na baada ya uhuru haukuguswa kwa heshima ya waliouacha. Muswada mpya ulikuwa na kurasa tisini, na ulipelekwa kwenye Kamati ya Kudumu ya Uzazi, Mifugo na Maliasili, yenye wajumbe kumi na watatu, wote wanaume, waliobobea zaidi katika mifugo. Wabunge wanawake katika Jamhuri walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa wamepelekwa ng'ambo kujifunza ufugaji wa nyuki. Kila muswada ulipokaribia kujadiliwa, ziara yao iliongezwa siku kadhaa, kwani nyuki, ilielezwa, hawaharakishwi.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Gombera Lukindo, mtu mwenye sauti nzuri kiasi kwamba hata akiomba maji ya kunywa watu walitaka kusimama. Aliifungua Kamati kwa kusema kwamba sifa kubwa ya muswada huu ni kuruhusu. Kifungu cha saba kiliruhusu mwanamke aokolewe endapo maisha yake yako hatarini, mradi hatari hiyo ithibitishwe na madaktari watatu, mume wake au baba yake, mwenyekiti wa mtaa, na afisa wa wilaya akiwa na muhuri wake.

Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje kwenye wilaya zenye daktari mmoja, ambazo ndizo wilaya zote isipokuwa mbili. Alijibiwa kwamba daktari huyo ataweka sahihi mara tatu, kwa kalamu za rangi tatu tofauti. Mwingine akauliza hatari yenyewe itapimwa vipi. Mwanasheria wa Serikali alifungua ukurasa wa tafsiri na kusoma kwamba hatari kwa maisha maana yake ni hatari iliyothibitika.

"Inathibitikaje?" mjumbe aliuliza.

"Kwa kawaida, Mheshimiwa, kwa kifo."

Wajumbe walilipima jibu hilo na kuridhika. Mwenyekiti aliongeza kwamba mtu akishakufa hakuna atakayebisha kuwa alikuwa hatarini, na hapo ndipo sheria itakapomlinda kikamilifu. Siwema aliandika yote hayo. Kisha akaweka mabano na ndani yake akaandika: Makofi.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akabandika maji ya ugali, akasimama mbele ya jiko mpaka maji yakakauka na sufuria ikaanza kunuka. Alizima jiko akaenda kukaa kitandani na viatu vyake miguuni.

*

Katiba ya Sandali ni nzuri sana, na mahali fulani inasema kwamba hakuna sheria itakayopitishwa kabla ya kuwasikiliza wananchi inaowagusa. Kwa hiyo Kamati iliita wadau. Walikuja Wafugaji wa Kondoo wa Kanda ya Juu, wakasema kondoo hawana sheria kama hii na wanaendelea vizuri. Ilikuja kwaya ya askari wastaafu, ikaimba. Kilikuja Chama cha Waliowahi Kuzaliwa, chenye wanachama wengi kuliko chama chochote nchini, na mwenyekiti wake alilia machozi akieleza kwamba mama yake angekuwa na mawazo mengine, leo chama kingekosa mwenyekiti.

Mwishoni mwa wiki, mwanasheria kijana wa Kamati alimnong'oneza Mheshimiwa Lukindo kwamba, kwa mujibu wa orodha, bado hajasikilizwa mwanamke hata mmoja. Mwenyekiti alishangaa kweli. Aliagiza redio itangaze, na tangazo likasomwa asubuhi, mchana na jioni: anatakiwa mwanamke mmoja mwenye uzoefu wa jambo linalojadiliwa, afike bungeni na kitambulisho na picha mbili za pasipoti; na kwa kuwa jambo lenyewe ni kosa la jinai, askari watakuwepo mlangoni kuchukua maelezo yake akitoka, chai itatolewa.

Kiti cha mdau kiliwekwa katikati ya ukumbi wa Kamati, kikaelekezwa kwenye meza ya mwandishi. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu, na mhudumu akabadilisha maji. Wajumbe walisoma magazeti. Siwema, ambaye kanuni zilimtaka aandike kila kinachotokea, aliandika kwamba Kamati inasubiri. Baada ya robo saa akaandika tena kwamba Kamati inaendelea kusubiri. Katikati ya sentensi hizo hakuwa na la kufanya ila kukitazama kile kiti.

*

Sasa ni lazima niseme alichokuwa akikiona pale kitini, maana hakuna mwingine ukumbini aliyekijua.

Alipokuwa na miaka ishirini na sita Siwema alishika mimba, baada ya kuitafuta kwa miaka mitatu. Alishona nguo ndogo, yeye na mumewe wakagombana kwa mapenzi juu ya mahali pa kuweka kitanda cha mtoto. Mimba ilipofika mwezi wa tano, siku ya soko, chupa ilipasuka akiwa amesimama kwenye foleni ya unga. Hospitalini daktari alimpima, akamwambia kwamba mtoto hawezi kuishi, ni mdogo mno na maji yamekwisha, lakini moyo wake bado unapiga, na kwa sheria ilivyo hawezi kumgusa mpaka apate barua kutoka mkoani. Mkoani walisema mwenye kusaini barua yuko kwenye semina. Semina ilikuwa ya siku tano.

Siku ya tatu Siwema alikuwa akitetemeka kwa homa mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Hakutambua tena sauti ya mumewe. Mchana, daktari alipokwenda kula, na watu walisema baadaye kwamba siku hiyo alikula polepole kuliko kawaida yake, nesi wa zamu alifunga mlango wa wodi. Aliitwa Tekla Hombwe, mwanamke mnene mwenye mikono mifupi. Alimpa Siwema taulo aume, akafanya lililopaswa kufanywa siku tatu nyuma. Alipomaliza alimfunika vizuri, akamwambia kwamba akiulizwa aseme ilitoka yenyewe.

Siwema alisema ilitoka yenyewe. Aliwaambia hivyo madaktari, mama yake, mumewe, na kwa kuwa mumewe aliamini, hapakuwa na mtu wa kulia naye kwa namna aliyohitaji kulia.

Baada ya miaka miwili Nesi Tekla alikamatwa kwa ajili ya mwanamke mwingine, ambaye pia alipona, na mume wake ndiye aliyepeleka habari polisi. Siwema alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa bungeni, bado yuko kwenye majaribio. Aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda mahakamani, akakaa benchi la nyuma kabisa, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Hakimu, kabla ya kutoa hukumu, aliuliza kama yupo mtu yeyote wa kusimama kumsemea mshtakiwa. Ukumbi ulijaa. Feni ilizunguka. Siwema aliitazama mikono yake magotini, akasikia hakimu akisema kwamba kwa kuwa hakuna, basi. Ilikuwa miaka minne jela.

Hilo ndilo alilokuwa akiliona kwenye kile kiti kitupu, asubuhi na alasiri, Kamati ikiendelea kusubiri.

*

Siku ya tatu, karibu na saa nne, Mheshimiwa Lukindo alikunja gazeti lake, akatangaza kwamba Kamati imetimiza wajibu wake wa kikatiba, na sasa itaendelea na kifungu cha nane, kinachohusu mabango.

Siwema aliinuka. Hakukumbuka kuamua kuinuka. Alizunguka meza yake, akavuka zulia, akakaa kwenye kiti cha mdau. Aliondoa kisahani kwenye glasi, akanywa maji yote. Wajumbe walimtazama kwa namna ambayo mtu angeitazama kabati iliyosogea yenyewe.

Mwenyekiti alimwuliza, kwa upole, kama anajisikia vibaya.

"Najisikia vizuri, Mheshimiwa," Siwema alisema. "Naitwa Siwema Kilindo. Ninao uzoefu mnaoutafuta."

Mwanasheria kijana alisimama kwa hoja ya utaratibu: mwandishi akiwa shahidi, nani ataandika? Wajumbe walijadiliana. Hatimaye Mwenyekiti aliamua kwamba mdau aendelee, na Kamati itakumbuka.

Akaendelea. Alisema taratibu, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisema habari ya foleni ya unga, homa, semina ya siku tano. Alisema kwamba ule mstari mmoja wa sheria ulikaribia kumuua, na hizi kurasa tisini zingemmaliza kabisa, maana madaktari watatu wasingepatikana hata kwa rangi tatu za kalamu. Alimtaja Nesi Tekla kwa jina lake kamili, akasema kwamba alikuwepo mahakamani na hakusimama. Sauti ilimkatika hapo tu. Yaliyobaki aliyasema yote, na alipofika mwisho alisema sentensi ambayo hakuwa ameipanga.

"Nilimtaka yule mtoto," alisema. "Na nilitaka kuishi. Sheria yenu haina kifungu cha mtu kama huyo."

Kisha mikono ikainuliwa, kwa kuwa waheshimiwa walikuwa na maswali. Wa kwanza alitaka kujua kama mumewe alitoa ruhusa kwa maandishi. Wa pili aliuliza kama wakati huo alikuwa mwanachama hai wa chama tawala. Wa tatu, mzee mwenye huruma, aliuliza kama alijaribu tangawizi. Mheshimiwa Lukindo alimshukuru kwa ile sauti yake nzuri, akasema mchango wake umeigusa Kamati, akamwomba arudi mezani kwake kwani wanaingia kifungu cha nane.

Alirudi. Aliweka vidole juu ya mashine, akaandika habari za mabango mpaka saa saba mchana.

*

Mlangoni askari aliyewekwa kuchukua maelezo ya mdau alikuwa amekwenda kunywa ile chai. Hivyo Siwema alipita.

Jioni, ukumbi ukiwa mtupu, alikaa akaandika kwa kumbukumbu maneno yake mwenyewe, pamoja na maswali matatu, akayaweka mahali pake kwenye taarifa ya siku. Zilikuwa kurasa kumi na moja. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lake upande wa wasemaji, limeandikwa kwa herufi nzito na nukta mbili mbele yake. Alilitazama sana.

Kesho yake aliitwa na Katibu wa Bunge, Bwana Hiza Mkamba. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja. Alimkaribisha kiti, akafunga dirisha, akamweleza kwamba hapa pana tatizo la kimantiki tu, wala asilichukulie kibinafsi. Kwa kanuni, mwandishi hawezi kuwa shahidi, na shahidi hawezi kuwa mwandishi. Kama yeye jana alikuwa mwandishi, basi hakuna aliyesema. Kama alikuwa shahidi, basi hakuna aliyeandika. Kwa vyovyote kurasa kumi na moja hazipo. Alizisukuma kidogo juu ya meza alipokuwa akisema hazipo.

Kisha alitoa fomu. Ilikuwa na mstari mmoja, kwamba mimi niliyetia sahihi hapa chini, siku hiyo, saa hiyo, nilikuwa mahali pangu pa kazi, na kiti cha mdau kilikuwa kitupu. Akitia sahihi, ataendelea na kazi mpaka kustaafu na polisi hawatakuwa na neno naye. Asipotia, atakuwa ameacha mashine bila ruhusa kwa dakika arobaini, kosa la kufukuzwa, na kwa maneno yake mwenyewe atakuwa amekiri kosa la jinai.

"Bi. Siwema," Bwana Hiza alisema, na safari hii hakuwa akisoma popote, "mimi na wewe tumezeeka humu. Tia sahihi, dada yangu, twende tukale."

Siwema alikichukua kile kikaratasi. Aliwaza ghorofa yake ya nne, na jinsi ambavyo pasipo kazi hata yale maneno ya watu wengine yangekoma. Aliogopa. Mkono ulishika kalamu.

"Bwana Hiza," alisema, "miaka yote hii nimeandika yaliyosemwa, hata yale ya aibu. Sijawahi kuandika kwamba mtu hakusema alichosema. Sijui hata mabano yake yanawekwaje."

Akaweka kalamu chini. Bwana Hiza alifungua tena dirisha, akasimama akitazama nje mpaka Siwema alipotoka.

*

Alifukuzwa kwa barua yenye mihuri mitatu. Polisi nao walikuja, mkaguzi mmoja mwenye adabu, aliyevua kofia mlangoni. Alisema amekuja kumkamata kwa kukiri kosa, ila kuna kikwazo kwenye jalada: ameliandikia Bunge kuomba ushahidi, na Bunge limejibu rasmi kwamba siku hiyo hakuna mwanamke aliyesema kitu. Siwema akamwambia kwamba alisema. Mkaguzi akasema hawezi kumshtaki mtu kwa maneno ambayo Jamhuri inathibitisha hayakutamkwa. Na hawezi pia kumwacha huru mtu anayeshikilia kwamba aliyatamka. Alifikiri mpaka jasho likamtoka. Mwishowe alimwamuru aripoti kituoni kila Jumatatu, kuthibitisha kwamba hajakamatwa.

Akawa anaripoti. Alikaa kwenye foleni pamoja na walioibiwa baiskeli, akafika dirishani, akaulizwa kama amekamatwa, akajibu hapana, akatia sahihi. Ikawa ndiyo mazungumzo yake ya wiki. Majirani wa zile nyumba za watumishi walianza kukumbuka shughuli zao kila alipoingia kwenye ngazi. Wenzake wa zamani, wanawake aliokula nao mchana kwa miaka mingi, walivuka barabara wakimwona. Hawakumchukia, walimwogopa kama mtu anavyoogopa kioo akiwa hajalala.

Muswada ulisomwa mara ya tatu siku ambayo Siwema alikuwa akifunga vyombo, kwa kuwa nyumba ya kazi hutoka pamoja na kazi. Redio ya jirani ilisikika ukutani. Mheshimiwa Lukindo alisoma taarifa ya Kamati: Kamati ilimsubiri mdau wa kike kwa siku tatu, na kwa kuwa hakutokea kupinga, Kamati inachukulia kwamba aliafiki. Walioafiki waliitwa waseme ndiyo, na ukumbi ukasema ndiyo kwa mngurumo mmoja. Siwema alikuwa amekaa juu ya boksi la masufuria. Alipotazama chini aliona vidole vyake vinakwenda, vinaandika yote hayo juu ya goti.

Wabunge wanne wanawake walirejea wiki iliyofuata, wakiwa na vyeti vya ufugaji wa nyuki.

*

Alipata chumba pembezoni mwa mji. Siku moja, bila kuwa na jambo jingine la kufanya ila lile ambalo angepaswa kulifanya zamani, alikwenda kwenye ile hospitali, akauliza habari za Nesi Tekla Hombwe. Vijana hawakumjua. Mfua mashuka wa zamani ndiye aliyemwelekeza: yuko Kwembago, karibu na mashine ya kukoboa, anauza kuku.

Alimkuta amekaa barazani, anashona mwavuli. Alikuwa amekonda, mikono tu ndiyo ilikuwa ileile mifupi. Siwema alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akasema kuku wamekwisha, arudi Alhamisi. Siwema akasema hakufuata kuku.

"Basi kaa upande huu. Sikio hilo halifanyi kazi."

Akakaa. Alitaja jina lake. Nesi Tekla alitikisa kichwa. Alitaja mwaka, wodi ya tatu, foleni ya unga, daktari aliyekula polepole, taulo. Kwa kila alichotaja, mwanamke yule aliendelea kutikisa kichwa, na kila mara polepole zaidi, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni huku akijua hakimo.

"Mwanangu, nitakudanganya nikisema nakukumbuka," alisema. "Mlikuwa wengi."

Miaka ishirini na minne Siwema alikuwa ameubeba uso wa mtu huyu. Aliuona kwenye usingizi na kwenye kiti kitupu cha Bunge, na kumbe katika uso huo yeye hakuwahi kukaa hata wiki moja. Alimwuliza walikuwa wengi kiasi gani.

"Sikuwa naandika. Ningeandika wangenifunga zaidi." Nesi Tekla alikata uzi kwa meno. "Ila kila mmoja alikuja peke yake. Na kila mmoja aliniuliza kama ni yeye tu."

Siwema akasema alilolijia. Alisema kwamba siku ya hukumu alikuwa mahakamani, benchi la nyuma, na hakimu alipouliza hakusimama. Hakutafuta sababu ya kuongeza. Nesi Tekla aliuweka mwavuli chini.

"Siku hiyo naikumbuka," alisema. "Nyuso sikuziona, niliona kimya tu. Nikaenda nikawachukia wote kwa pamoja, maana sikuweza kumchukia mmoja mmoja. Mwaka wa pili nikachoka. Chuki inataka mtu ale vizuri, na kule hatukuwa tunakula."

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Umeshaomba."

Mashine ya kukoboa ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Siwema alidhani mazungumzo yamekwisha, akaanza kukusanya mkoba wake ili aondoke, kwani Jumatatu ilikuwa kesho na kituoni wangemngoja. Ndipo Nesi Tekla alipomgusa goti.

"Nisaidie nikukumbuke," alisema. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Kamati haikuwa imeuliza hilo. Mama yake hakuuliza, wala mumewe, wala hakimu, wala mkaguzi mwenye adabu.

"Wa kike."

"Ulimpa jina?"

Siwema alilitamka kwa sauti ndogo sana, ambayo haikuwa imewahi kulibeba jina hilo hata ndani ya chumba kitupu.

"Nani? Dunu?" Nesi Tekla aliinama, akamletea lile sikio zuri. "Sema kwa nguvu, mwanangu, usione haya."

"Tunu," Siwema akasema, na mwanamke wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo, akageuka kutazama. "Anaitwa Tunu."

"Tunu," akarudia Nesi Tekla, na safari hii alilitamka sawasawa.